Kompyuta Kuukuu Isitupwe Kabla ya Kufunguliwa

Mkulima wa chai wa Rungwe hachumi majani yake kwa raha. Huamka kabla ukungu haujaondoka juu ya Tukuyu, hujifunga nailoni kiunoni maana umande na mvua havimwachi, naye hubeba kikapu mgongoni mpaka kituo cha kupimia. Kila kilo iandikwayo pale ni jasho lake. Basi inapotokea kwamba fedha ya mkulima huyo, iliyokatwa kidogo kidogo ili kuendesha chama chake, imepangiwa kununua kompyuta mpya kwa sababu tu ile ya zamani ati imechoka, sisi twaona kwamba mwenye mali anayo haki ya kuuliza: imechoka wapi?

Twasema jambo hili kwa kuwa limekwisha kuwa desturi. Katika vyama vya msingi, katika shule na zahanati, na hata katika ofisi za matawi, utakuta pembeni kompyuta ya mezani iliyofunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa yamepangwa mafaili. Ukiuliza, utaambiwa kwamba ni mbovu. Ukiuliza tena ni nani aliyeifungua akauona ubovu wenyewe kwa macho yake, hapana ajibuye. Lakini ajenda ya kikao kijacho imekwisha pigwa chapa, na ndani yake yamo maneno "ununuzi wa kompyuta".

Kompyuta si ng'ombe wa maziwa, ambaye akizeeka huzeeka mwili mzima. Yafanana zaidi na baiskeli. Mnyororo waweza kukatika na fremu ikawa nzima, na tairi laweza kuisha ilhali usukani ungali imara. Wala hatujapata kumwona mtu wa Kiwira au Katumba akitupa baiskeli kwa sababu ya tairi. Mashine nyingi tunazozungumzia ni za Dell na HP, ambazo zilitumika kwanza katika ofisi za Ulaya na Marekani, kisha zikaletwa huku zikiwa zimekula miaka kadhaa. Zilitengenezwa kwa ajili ya kazi ya kila siku, maboksi yake ni ya chuma, na viungo vyake vingi huchomolewa na kurudishwa kwa bisibisi moja. Wahenga walisema ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, nasi twaweza kuongeza kwamba kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa mara nyingine ni ukambaa mtupu.

Tuanze na lile linalolalamikiwa kuliko yote, yaani uzito. Karani huiwasha mashine, huenda kunywa chai, hurudi, na bado duara linazunguka katika skrini. Watu husema kwamba "akili" ya kompyuta imekwisha. Mara nyingi akili ni nzima kabisa. Mkosaji ni diski. Ndani ya mashine ya zamani mna diski ya sumaku, ambayo ni sahani izungukayo mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mdogo ukienda huku na huko kutafuta kilichoandikwa. Kila safari ya mkono huo huchukua kama milisekunde 10. Kwa binadamu hicho si kitu, lakini kompyuta inapoamka hutafuta maelfu kwa maelfu ya vipande vilivyotawanyika, na hizo milisekunde zikijumlishwa huwa dakika. Diski ya kisasa iitwayo SSD haina sahani wala mkono. Hukipata kinachotafutwa kwa karibu sehemu moja ya mia ya muda huo.

Uthibitisho hauhitaji fundi. Bonyeza pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, na Windows yenyewe itaonyesha kazi inayofanywa na kila kiungo. Kama diski imesimama kwenye asilimia 100 wakati prosesa imepumzika kwenye 10 au 15, basi ugonjwa umejitaja jina. SSD ya inchi mbili na nusu, yenye GB 240 au 256, yatosha kabisa kwa barua, mahesabu na orodha za wanachama wa chama cha msingi, nayo hutumia waya zile zile za diski ya zamani. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya mashine mpya. Tumeyaona mabadiliko haya kwa macho yetu zaidi ya mara moja, na kila mara mwenye mashine alidhani kwamba amedanganywa na kupewa nyingine.

Baada ya diski hufuata kumbukumbu, ile iitwayo RAM. Mashine yenye GB 2 au 4 hukwama mara tu karani anapofungua kurasa tano za intaneti kwa pamoja, na siku hizi hana budi kuzifungua. Hesabu za shule na zahanati huingizwa katika FFARS, manunuzi ya umma hupita katika NeST, na vyama vya ushirika vina MUVU yao. Yote hayo hufunguliwa katika kivinjari. GB 8 zatosha kazi hiyo bila anasa. Lakini hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea kwa ujinga, nasi twaomba msomaji asituone wachokozi tukieleza kwa kirefu kidogo. RAM si moja. Ya kizazi cha DDR3 haiingii katika tundu la DDR4, kwani ule mwanya uliokatwa chini yake umewekwa mahali pengine. Na ya kompyuta ya mapajani ni fupi, haifai katika ya mezani. Mtu asifunge safari ya kilomita 70 hivi kwenda Mbeya akaagize kwa mdomo "RAM ya kompyuta". Achomoe ile ya zamani, aifunge katika karatasi, aende nayo.

Tena lipo tego jingine. Mashine nyingi zimewekewa Windows ya biti 32, mara nyingi na fundi aliyekuwa na nakala moja ya kutembeza kila mahali. Programu hiyo haioni zaidi ya GB 4, hata ukijaza matundu yote. Mwenye mashine hununua, hufunga, huwasha, haoni tofauti yoyote, na husema kwamba ameibiwa dukani, kumbe muuzaji hana kosa. Kabla ya kununua RAM, itazamwe kwanza programu endeshi ni ya biti ngapi.

Yako pia maradhi ya bei ya chai na andazi. Hapa kwetu tuliwahi kuaibika. Kompyuta moja ilikataa kurasa zote za intaneti, ikidai kwamba kila mahali si salama, na palikuwa na pendekezo zito la kununua modemu mpya. Kijana mmoja akaitazama saa iliyo pembeni mwa skrini, akacheka. Mwaka ulioandikwa pale ulikuwa wa zamani sana. Betri ndogo ya CR2032, mfano wa sarafu, iliyo juu ya ubao mama, ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika saa ilirudi nyuma, na kurasa za mtandao, ambazo vyeti vyake vina tarehe, zilionekana kama za wadanganyifu. Betri ilibadilishwa na modemu haikununuliwa. Twaandika haya ili mwenzetu mwingine asione haya kuitazama saa kwanza.

Kadhalika vumbi. Feni iliyozibwa husababisha prosesa kupata joto, na prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Brashi laini na dawa mpya ya kupitishia joto, ile nyeupe au ya kijivu ipakwayo kati ya prosesa na bati lake la kupozea, yaweza kurudisha mwendo uliopotea miaka mingi. Na katika wilaya yetu, ambayo ni miongoni mwa zile zinazopata mvua nyingi kuliko zote nchini, vumbi hukutana na unyevu, likageuka tope jembamba juu ya viungo. Mashine isiwekwe sakafuni wala chini ya dirisha. Radi zetu nazo zajulikana. Anayechomoa waya ukutani wingu linapotanda ameokoa zaidi ya anayenunua kinga ya umeme ya bei rahisi kuliko zote akaiamini.

Mpaka hapa tumesema habari za vyuma. Sasa tuje kwenye jambo lililozusha kelele hii yote ya kununua upya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza kutoa bure viraka vya usalama kwa Windows 10, programu iliyotoka mwaka 2015. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikubali rasmi mashine yenye prosesa ya Intel iliyo chini ya kizazi cha nane, na hudai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kizazi hujulikana kwa tarakimu iliyo baada ya kistari: i5-3470 ni ya tatu, i5-4570 ni ya nne, i5-8500 ni ya nane. Kwa amri hiyo moja mashine zisizohesabika, zilizokuwa zikifanya kazi jana yake, zilihesabiwa kuwa takataka asubuhi iliyofuata. Hazikuharibika. Ziliamriwa kuwa mbovu na mtu aliye mbali, asiyelipa yeye gharama ya kuzibadilisha.

Sisi hatusemi kwamba onyo hilo lipuuzwe. Mashine inayoshika fedha na majina ya watu, ikiwa imeunganishwa na mtandao bila viraka, ni nyumba isiyo na komeo. Twasema kwamba kununua upya si njia pekee. Microsoft yenyewe ilitangaza viraka vya ziada: kwa mtumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti yao, na kwa taasisi dola 61 kwa kila kompyuta katika mwaka wa kwanza, bei ikizidishwa mara mbili kila mwaka unaofuata. Kwa chama chenye mashine moja yenye programu ya mahesabu isiyokubali kuhama, fedha hiyo yaweza kununua muda wa kufikiri. Kwa shule yenye mashine 20 ni upotevu.

Njia ya pili ni Linux. Tunajua kwamba jina hili huwatisha watu, kana kwamba ni mambo ya wataalamu wa Dar es Salaam tu. Lakini Linux Mint, kwa mfano, hutolewa bila malipo, hukubali kufanya kazi penye GB 2 za kumbukumbu na hustarehe penye 4, na sura yake haimpotezi aliyezoea Windows kwa zaidi ya siku chache. Hujaribiwa kutoka katika flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Ndani yake mna LibreOffice kwa ajili ya barua na majedwali. Wala isidhaniwe kwamba ni jambo geni katika nchi hii: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili, na LibreOffice ya leo ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika OpenOffice iyo hiyo. Karani ambaye kazi yake ni kivinjari, barua na jedwali hapungukiwi kitu. Anayetumia programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows peke yake, au printa ya ajabu ajabu, ajaribu kwanza kabla ya kufuta chochote.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo iliyo maarufu mitaani, ni ya wizi: Windows iliyovunjwa kufuli. Hatutaificha rai yetu. Programu ya kuvunjia kufuli imetoka kwa mtu asiyejulikana, nayo hudai izimiwe kinga ya virusi ndipo ifanye kazi. Mtu akikuomba umfukuze mlinzi kwanza ndipo aingie ndani, ungemfungulia mlango?

Sasa tuwe wakweli, maana gazeti linalosema kila kizee kipone ni la kupotosha. Ziko mashine zisizostahili shilingi. Yenye prosesa ya Core 2 Duo au iliyo nyuma ya hapo haistahili zaidi ya usafi na betri. Yenye ubao mama ambao vikopo vyake vya umeme vimevimba juu na kuvuja iachwe ipumzike. Tena mashine ndogo ndogo za Dell na HP, zile nyembamba za kusimama chini ya skrini, mara nyingi zina kisambaza umeme cha umbo lake zenyewe, na kile cha kawaida cha dukani hakiingii wala waya zake hazilingani. Kikifa, ulizia bei kabla ya kuahidi. Kipimo chetu sisi ni hiki: jumlisha SSD, RAM na ujira wa fundi. Jumla ikipita nusu ya bei ya mashine iliyotumika ya kizazi cha nane, ambayo hukubali Windows 11, acha kutengeneza, ukanunue hiyo iliyotumika. Kwa kawaida SSD peke yake haifiki huko. RAM ndiyo ya kuangaliwa, kwa kuwa kuanzia mwishoni mwa mwaka 2025 bei za kumbukumbu zilipanda vibaya duniani, viwanda vilipogeukia kuwahudumia wenye mabohari makubwa ya akili unde. Mwezi Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza hata kuacha biashara ya chapa yake ya Crucial, iliyouzwa kwa watu wa kawaida. Karani wa Tukuyu na tajiri wa California wamejikuta katika foleni moja, na si vigumu kujua nani atahudumiwa kwanza. Basi RAM ya DDR3 iliyotumika, iliyochomolewa katika mashine iliyokufa, isidharauliwe. Ni kiungo kisichokuwa na kitu cha kuzunguka, na huishi muda mrefu.

Diski iliyotumika ni habari nyingine. Huyo mwombe muuzaji aichomeke mbele yako, afungue programu ya CrystalDiskInfo, nawe usome saa ilizofanya kazi na afya yake. Na flashi au SSD mpya yenye bei ya kushangaza ijazwe mafaili mpaka mwisho kabla hujaondoka dukani, kwani ziko zilizoandikwa uwezo ambao hazina. Risiti ya EFD idaiwe. Muuzaji akinung'unika kwa hayo, liko duka jingine.

Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka, na vijana wafahamu, kwamba taifa hili lina historia na mashine hizi. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilitazamiwa kunyoosha hesabu. Hesabu zikapinda zaidi, na gharama za wataalamu wa kigeni zikazidi, hata mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yalikuja kulegezwa baadaye, na hapana anayetamani yarudi. Lakini kosa la mwanzo halikuwa la chuma. Mashine ilinunuliwa kabla hawajapatikana wananchi wa kutosha wa kuiendesha na kuitengeneza. Kosa hilo hilo, likiwa limevaa nguo fupi, ndilo tunaloliona leo katika ofisi inayonunua kompyuta ya tatu ilhali mbili za kwanza zinalala chini ya kitambaa, na ambamo hapana hata mtumishi mmoja aliyewahi kuona ndani ya boksi mna nini.

Vijana wa kazi hiyo wapo. Katika mji wa Tukuyu wapo wanaotengeneza simu katika vibanda vyenye upana wa mkeka, wakiunganisha waya nyembamba kuliko unywele. Kwa mikono hiyo, kufungua boksi la Dell ni mchezo. Chama kinachompa kijana wa namna hiyo kazi ya siku mbili, kikamlipa ujira wa haki, na kikamtaka amwonyeshe karani kila anachokifanya, kimepata mashine na mafunzo kwa fedha moja.

Neno moja juu ya diski inayotolewa. Ndani yake yamo majina ya wanachama, namba zao za simu, kilo zao na malipo yao. Kwanza inakiliwe mahali pawili kabla bisibisi haijagusa kitu. Kisha isiuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu wala kupewa fundi kama bahashishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitofautishi kati ya benki kubwa na ofisi yenye bati moja. Mwenye kushika habari za watu huzijibia. Diski ikiwa nzima, ifutwe yote na iwekwe kabatini iwe ya kuhifadhia nakala. Ikiwa imekufa, itobolewe kwa msumari mbele ya mashahidi, na iandikwe katika daftari la mali.

Miezi ya kupanga bajeti huja na haraka zake, na vikao vya kupitisha manunuzi navyo huitishwa. Twawaomba wajumbe watakaoketi humo wafanye jambo moja kabla ya kufungua mjadala: ile kompyuta iondolewe kitambaa, iletwe juu ya meza, mfuniko wake ufunguliwe mbele ya wote, na fundi aonyeshe kwa kidole ni kipi kilichokufa na bei yake ni ngapi. Baada ya hapo mwenyekiti na aulize nani anaunga mkono ununuzi.